Mwaka Tuliotafuta Marehemu

Method aliponipigia simu kuniambia Bi Kalunde amefariki, kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Najua haipendezi kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa kazini Dodoma, nimesimama juu ya kiti nafunga taa, watu wananisubiri, na Method upande wa pili ananiambia kwa sauti ya kanisani, "Hawa, yule bibi yetu katutangulia," na mimi nikacheka mpaka aliyenishikia kiti akadhani nimeletewa habari za harusi. Nilicheka kwa sababu nilimwona palepale, kibati cha ugoro mkononi, akituuliza, "Amekufa nani?" Kisha nikashuka, nikakaa sakafuni, nikalia kama mtoto. Treni ilinifikisha Tabora mazishi yamekwisha, nikawahi kuanua matanga tu. Na njia nzima, toka Manyoni mpaka taa za stesheni zilipoonekana, nilikuwa nikiuwaza mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka ule ambao sisi watu wenye akili timamu tulizunguka mji mzima tukitafuta marehemu.

Niliingia studio kwa sababu mimi ni mwanamke. Hakuna sababu nyingine, wala nisijitie uhodari. Mwalimu Faraji alikuwa na studio ya video za harusi pale Chemchem, vyumba viwili nyuma ya fundi cherehani, na kila harusi ilimshinda mahali pamoja. Kwetu harusi ina upande wa wanawake, na huko ndani watu wazima wanamfunda bibi harusi na kucheza ngoma ambazo mwanamume haruhusiwi kuziona, sembuse mwanamume mwenye kamera. Alihitaji msichana wa kuingia kule. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nimekaa tu nyumbani napepeta mchele, na nilipoambiwa kuna kazi ya kushika kamera nilikubali kabla sijaulizwa kama naijua. Mama naye akakubali, ila kwa sharti. Shangazi yangu wa Nzega alikuwa ananisubiri nikamsaidie dukani, na alikwisha nitengea hata kitanda. "Nakupa mwaka," mama alisema, anachambua dagaa, hata hakuniinulia macho. "Mwaka ukiisha unionyeshe kitu ulichokitengeneza wewe mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Si harusi. Harusi ni ya mwenye harusi. Nisipokiona, Nzega." Sikuwa na ugomvi na Nzega, ni mji mzuri wenye watu wengi na biashara nyingi, lakini nilijua nikiingia kwenye lile duka sitoki. Kila nilichojifunza mwaka ule nilijifunza huku nikiliona lile duka mbele yangu.

Bahati yangu, mwaka huohuo Mwalimu alichoshwa na keki. Zamani alifanya kazi Dar kwenye studio ya watu waliokuwa wakitengeneza filamu fupi, na hamu ilikuwa haijamtoka. "Nimepiga picha keki mpaka naziota," alisema. "Sasa nataka kufundisha filamu, hata wanafunzi wawe wawili." Tukawa wawili kweli. Mwenzangu alikuwa Method, kijana wa Ulyankulu, wa familia ya Warundi wanaolima tumbaku kule, mpole, Mkatoliki wa kuchora ishara ya msalaba kabla ya kugusa swichi. Mimi nilikuwa na mdomo, yeye alikuwa na masikio, na Mwalimu akasema hapo ana kikosi tayari. Chumba cha nyuma ndicho kilikuwa darasa. Ukutani tulibandika trei za mayai na juu yake mablanketi ya kijivu ili sauti za nje zisiingie. Ziliingia tu: cherehani ya jirani, jogoo, wauza samaki, na treni. Feni ilikuwepo ila tukirekodi inazimwa, kwa hiyo elimu yangu yote ya filamu niliipata natoka jasho. Mchana tulikula palepale sakafuni, sahani moja sisi watatu, ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, na Mwalimu akifundisha huku anakula. "Picha ya mbali inakwambia uko wapi," anamega tonge. "Ya kati inakwambia nani yuko na nani," anachovya. "Ya karibu inakwambia anawaza nini," anatia mdomoni. Mpaka leo siwezi kula ugali bila kuziona shoti tatu.

Zoezi langu la kwanza lilikuwa mtu anakunywa chai. Shoti tano, basi. Nilikwenda kwa majirani zetu, nikarudi na kanda imejaa, nina furaha kama niliyeokota pesa. Mwalimu akaitazama yote. Nilikuwa nimeanza na baba mwenye nyumba, nikapita kwa mkewe, kwa mama mkwe, kwa wageni waliofika kusalimia, kwa watoto kwa mstari, mpaka mpita njia aliyesimama kuangalia, kila mtu uso mzima, anatabasamu. "Chai iko wapi?" Mwalimu akauliza. Chai haikuwemo. Nikamweleza, tena kwa hasira kidogo, kwamba siwezi kuingia uani kwa watu nikapiga picha mmoja wengine nikawaruka, nitaonekana sina adabu na mama ataambiwa kabla sijafika nyumbani. Kwenye harusi ukimruka mtu, hata shangazi wa mbali, video inarudishwa. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Harusi ni ya watu wote, Hawa. Filamu ni ya mtu mmoja. Nenda ukamchague huyo mmoja, wengine uwaombe radhi." Nikarudi, nikaomba radhi kweli, mmoja mmoja, nikampiga picha yule mama mkwe peke yake. Kikombe. Midomo inapuliza. Mkono unatetemeka kidogo. Macho yamefumba. Kikombe kitupu. Nilipoziona zikifuatana kwenye kompyuta nilipiga ukelele mpaka Method akadondosha waya. Zilikuwa shoti tano tu, na bibi wa watu alikuwa amekunywa chai mbele yangu kana kwamba hakuna mwingine duniani.

Tangu hapo nikawa kama mtu aliyerogwa. Mwalimu alitupa fremu ya picha iliyovunjika kioo tukawa tunazunguka nayo sokoni, tunachungulia ulimwengu kupitia mle, na watu wakatuuliza tunaiuza kiasi gani. Nilijifunza kwamba mlango ukiwa wazi kidogo unavuta jicho kuliko ukiwa wazi wote. Nilijifunza kungoja, mimi ambaye hata chai nakunywa nimesimama. Method alitengeneza mvua kwa kumwagia choroko kwenye sinia la bati, na tulipofumba macho kusikiliza nilijikuta naanua nguo akilini mwangu. Tulikuwa tukigombania zamu ya kushika kamera kama watoto wanaogombea ukoko. Jambo moja tu lilikuwa la ajabu. Kila treni ilipopiga honi tulilazimika kusimamisha kurekodi, na Mwalimu, ambaye alikuwa na maneno kwa kila kitu, hapo alisema tu, "Ngojeni ipite," akatazama miguu yake mpaka ikapita. Nilidhani inamuudhi kwa sababu ya kazi.

Kisha fundi cherehani, jirani yetu, akafariki. Method ndiye aliyejua kwanza, kwa sababu alivaa zile spika za masikioni asubuhi, akasikiliza, akazivua, akasema, "Leo chumba kimenyamaza." Fundi alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kama sisi Wazigua tulivyo watani wao. Wazee walituambia utani huu ni wa barabarani. Enzi za misafara Wanyamwezi walibeba mizigo toka huku mpaka pwani, wakapita kwetu, wakaugua kwetu, wakazikwa kwetu, na wetu wengine wakaja nao huku wakabaki, ndiyo maana mimi Mzigua nimezaliwa Tabora. Watu waliozikana njiani hawaoneani haya tena. Na msibani mtani ana kazi yake, anakuja kukivuruga kilio. Siku ile alikuja Bi Kalunde, Mnyamwezi, mama wa makamo aliyekuwa akiuza matobolwa pale stesheni, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani. Alichelewa kwa makusudi. Akatua kikapu, akajifunga kanga kiunoni, akagonga kibati cha ugoro kwa ukucha, akanusa, akapiga chafya, akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Amekufa nani?" Kana kwamba hajui. Mtu akamjibu, "Fundi." "Fundi gani? Fundi huyuhuyu mwenye sketi yangu tangu mwaka jana? Na ameondoka bila kuniaga?" Watu wakaanza kucheka ndani ya kilio. Ndipo akawa fundi. Akalamba uzi usiokuwepo, akafumba jicho moja, akalitafuta tundu la sindano, akalikosa, akamtazama mteja kwa ile aibu ya fundi, akasema "Njoo Ijumaa" kwa sauti ambayo ilikuwa ya marehemu kabisa. Mjane alicheka, akalia, akacheka tena, akasema, "Ndiye, wallahi ndiye." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikuona msiba tena. Niliona filamu yangu.

Hadithi yangu nilikuwa nimeiandika tayari. Mama mmoja amempikia mwanawe anayekuja na treni toka Kaliua. Mwana haji. Basi, dakika tano, haina hata maneno. Nikamfuata Bi Kalunde stesheni, nikamwomba aje kuigiza. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe Mzigua wa nani?" Nikamwambia. "Babu zangu walibeba mizigo ya kwenu mpaka migongo ikaota sugu. Leo beba wewe." Akanitwika kikapu chake mpaka Chemchem, na njiani kila aliyemsalimia akamwonyesha mimi: "Nimempata mpagazi." Studio akaipenda. Akagusa trei za mayai, akauliza kuku wako wapi. Nilipoinua kamera kujaribu mwanga akageuza uso haraka. "Mimi bado," akasema. Sikuelewa. Akakaa kwenye mkeka, akatugawia matobolwa, akasema, "Haya, semeni. Ni nani?"

"Ni mama mmoja," nikasema. "Anaitwa Mama Zaituni."

"Amekufa lini?"

"Hajafa, Bibi."

"Yuko wapi nimwone?"

"Hayuko. Nimemtunga mimi."

Akaacha kutafuna. "Mtani, mimi siigizi mtu aliye hai. Ukimwigiza aliye hai umemchimbia kaburi. Na huyu wako ambaye hata hajazaliwa, nikimwigiza nitakuwa nimemzika nani? Hapa mwili uliopo ni wangu tu." Mwalimu akaingilia kwa upole, akamweleza kwamba filamu yote ni kitu cha kubuni, hakuna anayedhurika. "Sawa, mwanangu," akamjibu. "Bunini, nyie mna umeme. Mimi nileteeni marehemu." Akabeba kikapu chake, akaondoka, na akaniachia matobolwa ya kutosha ili nisione kama amenikasirikia.

Wengine tulijaribu. Mmoja alilia tangu mwanzo mpaka mwisho, hata sufuria ikiwa bado haijabandikwa. Mwingine kila tulipoanza alitazama kamera akatoa salamu kwa ndugu zake wa Urambo. Kwa hiyo tukarudi kwa Bi Kalunde, na Method, mtu wa Mungu yule, ndiye aliyesema, "Basi tumwue huyo Mama Zaituni." Tukakaa tukamtungia maisha mazima na kifo juu yake, tukaenda stesheni kumsomea. Bi Kalunde akasikiliza vizuri sana, halafu akaanza. Alizikwa wapi? Nani alimwosha? Alikuwa akimpenda mtoto yupi zaidi, na akimsema nani? Alikula kwa mkono upi akiwa na hasira? Na watani wake walikuwa akina nani, maana yeye Kalunde hakuitwa. Tukapekua karatasi zetu. "Huyu hakufa," akasema. "Nyie mmempoteza tu." Nakumbuka hasira niliyokuwa nayo nikitembea kurudi, na nakumbuka pia kwamba nilikuwa narudia maswali yake mdomoni. Hakuna shule iliyowahi kuniuliza maswali mazuri kama yale kuhusu mhusika, na nayauliza mpaka leo kabla ya kuwasha taa. Lakini siku ile nilitaka tu marehemu. Tukaanza kuzunguka kwa watu kuomba. Hebu fikiria, unabisha hodi, unakaribishwa, unaulizwa habari za nyumbani, habari za mama, habari za kazi, halafu unasema umekuja kuazima mama yao aliyefariki. Nyumba moja walitutolea maji ya kunywa na kutuonyesha njia. Mzee mmoja wa soko kuu alitwambia mama yake hamtoi, ila kama tunataka baba mkwe tumchukue bure. Na mwaka ulikuwa unayoyoma. Shangazi alituma salamu toka Nzega kwamba ameshanunua godoro.

Mchana mmoja nilikuwa chumba cha nyuma nakunja nyaya, Mwalimu yuko chumba cha mbele. Bi Kalunde akaingia kuuza matobolwa yake, wakasalimiana, na mimi nikiwa nyuma ya mablanketi nikaendelea na nyaya zangu. Treni ikapiga honi. Mwalimu akanyamaza kama kawaida yake, na ilipopita akasema, "Bi Kalunde, mama yangu ulimfahamu?"

"Nilimfahamu? Nilimwigiza. Watu walicheka mpaka wali wa msibani ukaungua. Wewe ndiye hukuwepo."

"Nilikuwa Dar. Niliandika nakuja, nikasema nakuja, kazi ikawa haiishi. Nilipofika alikuwa na siku zake kaburini."

"Najua, mwanangu. Sikusemi."

Nilishikilia waya kifuani, sithubutu hata kuuweka chini. "Hawa anatafuta marehemu anayengoja treni," Mwalimu akasema. "Mchukue mama."

"Umenipa?"

"Nimekupa."

Sijui kama mtu anaweza kufurahi na kuumia mahali pamoja ndani ya mwili, lakini ndivyo nilivyokuwa. Nilitamani kurukaruka, na nilitamani kwenda kumshika mkono mwalimu wangu. Sikufanya lolote. Nilikunja ule waya, nikaukunjua, nikaukunja tena, mpaka nilipomsikia Bi Kalunde anaita toka kule, "Wewe Mzigua unayesikiliza maneno ya watu, njoo unibebee kikapu."

Tulipiga picha chumba kile cha nyuma, tumekigeuza jiko na sebule kwa mkeka mmoja, jiko la mkaa na taa moja iliyopita kwenye kanga nyeupe. Mwalimu alikaa mbele ya kitelevisheni kidogo kilichounganishwa na kamera. Method alikuwa na mic kwenye mpini wa fagio la Bi Kalunde. Kamera niliishika mimi. Kwa maandishi yangu, mama anapakua, anafunika sahani kwa kawa, anangoja, treni inapita, anazima taa. Bi Kalunde akanusa ugoro, akapiga chafya, akajifunga kanga, akakaa chini, na jinsi alivyokaa nikaona mgongo wa Mwalimu umekakamaa. Akapakua. Akafunika kwa kawa. Treni ilikuwa ya kweli, ile ya Mpanda, Method alikuwa akijua saa zake na aliisubiri. Honi ikalia. Bi Kalunde akainua uso, akasikiliza, akageuka mlangoni, akangoja muda ambao mtu angetumia kutembea toka stesheni na mzigo. Halafu akafanya kitu ambacho hakikuandikwa. Akafunua kawa, akamega tonge moja kwenye sahani ya mwanawe, akala, akafunika. Akangoja tena. Akafunua, akamega, akala, akafunika. Nilimsogelea kwa kamera, taratibu, pumzi nimeibana, na ndani ya kile kidirisha cha kamera hapakuwa na Bi Kalunde muuza matobolwa. Alikuwepo mama ambaye simjui, anamlia mwanawe chakula ili kisilale. Ilikuwa kazi ya Mwalimu kusema kata. Hakusema. Kanda ikazunguka, na sahani ikaisha yote. Akaikung'uta makombo, akaigeuza juu chini, akaifunika kwa kawa hivyohivyo tupu.

"Mbona hamsemi?" akauliza, sasa ni yeye mwenyewe. "Mguu umekufa ganzi."

Mwalimu alikuwa bado anatazama kitelevisheni. "Alikuwa anafanya hivyo kweli?" akauliza. "Kula tonge?"

"Kila treni. Alisema chakula cha mtu kikilala kinamlaumu."

"Treni zote hizo?"

"We, hukuziona picha zake za mwisho alivyonenepa?"

Mwalimu akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko, kikawa kilio, kikarudi kicheko, na Bi Kalunde akakaa palepale kwenye mkeka akimtazama kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi aliyoitiwa. Method alikuwa analia waziwazi na mic yake bado iko juu. Mimi nilikuwa nimeshika kamera iliyozimwa, na nilikuwa na furaha, naisema wazi, furaha kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuipata. Niliipata kazi yangu siku ile.

Kuiediti kulituchukua muda mrefu kwa sababu ya umeme, unakaribia kumaliza kisha giza, unaanza upya. Tulipomaliza, Mwalimu alitundika shuka uani kwake baada ya Magharibi, akaalika watu. Walikuja majirani wote, hata wale niliowaomba radhi ya chai, na mama yangu akakaa mbele na mkoba wake magotini kama aliyekuja kwa daktari. Bi Kalunde alipotokea kwenye shuka watu walipiga makofi, mtaani kwetu hakuna asiyemjua. Alipokaa chini yale makofi yakakatika, na nikasikia mwanamke nyuma yangu anamnong'oneza mwenzake, "Si Mama Faraji huyu?" Tonge la kwanza, kimya. La pili, mtu akavuta kamasi. Sikuitazama filamu, nilimtazama mama. Hakubadilika uso. Sahani ilipofunikwa tupu na shuka likawa jeupe, akafungua mkoba, akatoa leso, akajifuta, akairudisha, akaufunga. Nilisimama mbele yake.

"Hiyo ya kula," akauliza, "uliiandika wewe?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa nimewasha kamera tu."

Akafikiri. "Ungeweza kuizima," akasema. Halafu akanyanyuka, akatengeneza kanga yake. "Nitampigia shangazi yako. Atafute mtu mwingine wa kulalia hilo godoro."

Yote hayo nilikuja nayo kwenye treni, na kanda zangu zote za mwaka ule nilikwisha zihamishia kwenye simu, nikazipekua moja moja toka Dodoma. Nilikuwa natafuta kipande cha Bi Kalunde mwenyewe. Hakuna. Yumo Mama Faraji, yumo kwa kila pembe, lakini kila mahali ambapo kamera ilimgeukia yeye ameweka kiganja usoni, na sauti inasema, "Mimi bado." Uani kwa Bi Kalunde nilikuta watu wameketi mikekani, wali umeshaliwa, kisomo kimekwisha. Mwalimu Faraji alikuwa kwenye kiti na fimbo yake, ndevu nyeupe, na Method, mwenye watoto wanne sasa, alikuwa amechuchumaa karibu yake. Tukakumbatiana. Binti wa marehemu akanijia na macho mekundu. "Dada Hawa, watu wa mama wamezoea kicheko, na leo hakuna hata mtani aliyesimama. Vijana hawa hawajui. Huna video yake tuwaonyeshe?" Nikamwambia sina. Ninayo ya mama wa Mwalimu. Akatikisa kichwa, akaenda kukaa.

Nimekaa nyuma ya kamera maisha yangu yote. Sipendi hata kupigwa picha ya kitambulisho. Nikamtazama Mwalimu, naye alikuwa ameshanitazama zamani, akainamisha kichwa tu kama anavyofanya ukimwuliza kama mwanga unatosha. Basi nikatoka nje ya wigo. Nikangoja kidogo, maana yeye alikuwa anachelewa kwa makusudi. Nikaokota kikapu kilichokuwa ukutani, nikaingia nacho upya, nikakitua. Nikajifunga kanga kiunoni. Nikagonga kibati kisichokuwepo, nikanusa, nikapiga chafya. Nikawatazama mmoja baada ya mwingine, bila kumruka mtu.

"Amekufa nani?"

Kisha sauti ya Mwalimu, ya kizee sasa, ikasema toka kwenye kiti, "Ni wewe, Bi Kalunde."

"Mimi? Nani kasema? Mimi bado."

Binti yake akapiga ukelele, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, na nilipomwona anajifunua nikaona anacheka, machozi yanamtiririka, anampiga jirani yake paja, anasema, "Ndiye. Wallahi ndiye." Wakaanza na wengine. Nikamwonyesha Method, nikauliza huyu Mrundi ametoa wapi kitambi, na lini atanirudishia fagio. Nikamwendea Mwalimu nikamwekea kikapu magotini. Nikaendelea, na kuendelea, maana hakuna aliyesema kata.